Usiku wa Mwisho wa Andiko la Mradi

Leo tuongee kuhusu ugonjwa ambao haupimwi hospitali wala hauna kidonge: ugonjwa wa kuandika andiko la mradi usiku wa mwisho. Mfadhili ametangaza miezi miwili iliyopita. Fomu imechapishwa, imewekwa kwenye faili, faili limewekwa juu ya kabati. Halafu siku ya mwisho inafika, na ndipo ofisi nzima inakumbuka kuwa ina kompyuta. Tarehe ya mwisho ni saa sita usiku kwa saa za London, na kuna mjanja mmoja ameshapiga hesabu kuwa kwetu hiyo ni saa nane au saa tisa usiku, kutegemea majira yao. Yaani hata tofauti ya saa za dunia tumeigeuza kuwa nafasi ya kuvuta muda!

Kazi ya gazeti imenipeleka mara nyingi wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Huko nimejijengea tabia ya kuuliza swali moja kila ninapoingia kwenye ofisi ya asasi ndogo: andiko lenu la mwisho mlianza kuliandika lini? Majibu yanachekesha. Katibu mmoja wa Tarime mjini alinijibu kwa fahari kabisa, "Safari hii tulianza mapema kaka, siku tatu kabla." Mama mmoja wa Mugumu, mweka hazina wa kikundi, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, sisi hatuchelewi. Andiko ndilo linalochelewa kwisha."

Sasa, msije mkadhani hawa ni wavivu. Yule mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakamua, anapeleka watoto shule, anafungua genge, na jioni yuko kwenye kikao. Shamba halimsubiri wala yeye halisubirishi shamba. Swali lililonikaa kichwani ni hili: mtu asiyeahirisha palizi anaahirishaje kurasa 15? Nimelifuatilia swali hili kwenye vitabu na kwenye mazungumzo, na limenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, hadi kwenye gereza la Marekani na kijiji cha Niger. Tutafika.

Kwanza niwaambie kwa nini kule Mara jambo hili halina mzaha.

Kwa Wakurya, na kwa baadhi ya majirani zao wa Serengeti, msimu wa tohara huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wavulana hutahiriwa, na katika koo nyingi wasichana nao hukeketwa. Sheria imekataza kumkeketa msichana chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, kupitia ile sheria ya makosa ya kujamiiana ambayo wengi tunaiita SOSPA. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10.

Ndiyo maana kuna vituo. Upande wa Tarime kuna kituo cha ATFGM Masanga, ambacho hupokea wasichana msimu unapokaribia. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania. Msichana anayekimbia usiku akitembea kwa miguu kutoka kijijini haji na godoro. Anahitaji chakula, mlinzi mlangoni, nauli ya polisi wa dawati la jinsia. Januari inapofika anahitaji sare na daftari, maana wako ambao hawawezi kurudi nyumbani: baba amekasirika, na pengine ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaanza kuhesabiwa.

Haya, piga hesabu nami. Mfadhili anapokea andiko, analisoma, anauliza maswali, anakagua hesabu, anaandaa mkataba, benki inazungusha fedha. Miezi inakwenda hapo. Anayetaka fedha ya Desemba lazima andiko lake liwe limeondoka mapema sana mwaka huo, au mwaka uliotangulia. Andiko likikosa dirisha moja kwa sababu lilitumwa dakika kumi baada ya muda kwisha, hakuna dirisha dogo la pembeni. Msimu hausubiri.

Hapo ndipo panaponiuma. Wazee wa mila hawana fomu, hawana bajeti ya kurasa nne, hawana jedwali la viashiria. Lakini kalenda yao inajulikana hadi na mtoto wa darasa la pili. Familia zinajiandaa mwaka mzima: mahindi ya pombe, mbuzi, nguo, wageni. Na wakiona mwanya, huwa hawasogezi nyuma, husogeza mbele. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, upande wa pili wa mpaka, Kuria ya Kenya, msimu ulianza mapema kuliko ilivyozoeleka. Upande unaokeketa ulikuwa tayari miezi kabla. Je, upande unaookoa?

Basi, turudi kwenye historia ya kitu chenyewe.

Neno "dedlaini" tunalolitumia sisi wa magazeti kama vile limezaliwa chumba cha habari lina asili mbaya. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, kulikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita ya Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta wa magogo kulikuwa na kizuizi chepesi cha mbao kikizunguka kambi nzima. Mfungwa akikivuka, hata akikigusa tu, mlinzi wa juu alikuwa na ruhusa ya kumpiga risasi. Huo ndio uliitwa "mstari wa kifo". Kati ya wafungwa wapatao 45,000 waliopita pale, karibu 13,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, na mkuu wa kambi, Henry Wirz, alinyongwa Novemba 1865. Wachapaji na waandishi walilichukua neno hilo mwanzoni mwa karne ya 20 wakalifanya saa ya mwisho ya kupokea habari. Mhariri wangu hajui haya, lakini anavyolitamka saa kumi jioni utadhani alikuwepo Georgia.

Zamani andiko la kuomba fedha halikuwa na mstari wa namna hiyo. Ilikuwa barua tu. Inasimuliwa kuwa Otto Warburg, mwanasayansi Mjerumani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, aliwahi kuomba fedha za utafiti kwa sentensi moja, kwamba anahitaji marka 10,000, akasaini, akapewa. Wadau, jaribuni hiyo mwone.

Karibu na nyumbani kuna Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya, aliyechimba Olduvai na mkewe Mary kuanzia miaka ya 1930 wakiwa na fedha za kuungaunga. Julai 1959 Mary aliokota fuvu lililovuma dunia nzima kwa jina la Zinjanthropus, na ndipo National Geographic Society ya Marekani ilipoanza kuwafadhili kwa kiasi cha kueleweka. Leakey huyohuyo, alipotaka msichana asiye na shahada aende Gombe kuangalia sokwe, alimwandikia tajiri mmoja wa viwanda wa Illinois, Leighton Wilkie. Wilkie akatoa dola 3,000, za kutosha miezi sita, na Julai 1960 Jane Goodall akashuka Kigoma.

Hata Serengeti yenyewe, ambayo watalii hudhani imejiendesha yenyewe tangu kuumbwa kwa dunia, ina karatasi nyingi nyuma yake. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipoihesabu kwa ndege mwaka 1958, wakapata nyumbu 99,481, walianza na fedha za filamu yao ya awali. Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Kazi iliyofuata, hadi kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti pale Seronera mwaka 1966, haikuwa ya mfuko wa mtu mmoja tena. Mkurugenzi wa hifadhi wakati huo, John Owen, alizitafuta fedha kwenye mifuko ya Marekani na Ulaya. Kwa maneno mengine, hata nyumbu waliandikiwa andiko.

Lakini tazameni vizuri hizo habari. Barua ya Leakey ilifunguliwa kwa sababu Wilkie alikuwa anamjua Leakey. Warburg alipewa kwa sababu alikuwa Warburg. Hakukuwa na fomu wala tarehe ya mwisho kwa kuwa mlango ulikuwa wa wanaofahamiana. Tangazo la wazi, fomu moja kwa wote na tarehe moja kwa wote vilikuja baadaye, na pamoja na kero zake zote, ndivyo vilivyompa mama wa Mugumu asiyemjua mtu yeyote Illinois haki ya kupiga hodi. Mimi ni mmoja wa wanaoilaani fomu, lakini nikikumbuka hilo napunguza sauti.

Kilichotutesa zaidi kilikuja mwaka 1969. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limechoka na miradi isiyojua inaelekea wapi, likaagiza washauri walitengenezee utaratibu. Wakaja na jedwali: safu nne, mistari minne, lengo kuu, lengo la mradi, matokeo, shughuli, viashiria, njia za kuthibitisha, na mambo tunayodhani yatakwenda sawa. Wafadhili wa karibu dunia nzima wakaliiga. Nimewaona watu wazima, wenye digrii, wakifika kwenye jedwali hilo wanasimama, wanakwenda kunywa chai, hawarudi hadi kesho yake. Tusicheke. Mtu wa Tarime anayejaza jedwali hilo anafikiri shida kwa Kikurya, anaijadili kwenye kikao kwa Kiswahili, kisha anatakiwa kuiandika kwa Kiingereza ndani ya kiboksi chenye nafasi ya maneno 50. Amevuka mito mitatu kabla hajaanza kuandika.

Wanasaikolojia wana la kusema hapo. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kuwa kuahirisha si tatizo la kupanga muda, ni namna ya kutuliza moyo. Kazi inakupa hofu au inakufanya ujione mjinga, unaiweka pembeni, na papo hapo unajisikia nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayokufundisha kuiweka pembeni tena. Nilipoyasoma hayo nikamkumbuka yule katibu wa siku tatu. Hakuna aliyeniambia "sina muda". Waliniambia "Kiingereza chake kigumu", "ile bajeti inanichanganya", "namsubiri kijana anayejua". Palizi haimfanyi mtu ajione mjinga.

Sasa, tarehe ya mwisho inasaidia au inaua? Kuna majaribio matatu ambayo nimeyapenda.

Mwaka 1992 Amos Tversky na Eldar Shafir walieleza jaribio la wanafunzi walioahidiwa dola 5 wakijaza dodoso refu na kulirudisha. Waliopewa siku 5, asilimia 60 walirudisha. Waliopewa siku 21, asilimia 42. Wasiopewa tarehe kabisa, asilimia 25. Fedha ileile, dodoso lilelile. Muda mwingi uliwafukarisha.

La pili linahusu maandiko yenyewe. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani uliamua kuondoa tarehe za mwisho katika programu nne za sayansi za dunia: leta andiko lako siku yoyote unayotaka. Ilipofika 2016 ilitangazwa kuwa maandiko yamepungua kwa asilimia 59. Maprofesa hao, wana ofisi, wana Kiingereza cha kuzaliwa, umeme haukatiki, na zaidi ya nusu ya maandiko yakayeyuka! Wakubwa wa mfuko walifurahi, maana mzigo ulipungua. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine: kumbe ugonjwa huu si wa Tarime.

La tatu ni la Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, 2002. Watu walipewa maandishi matatu wasahihishe makosa, kwa malipo. Kundi moja lilipewa tarehe tatu zilizopangwa kwa nafasi sawa, kundi la pili lilijipangia lenyewe, la tatu lilipewa tarehe moja tu ya mwisho. Waliobanwa kwa tarehe tatu walikamata makosa mengi kuliko wote. Waliojipangia wakafuata. Walioachiwa hadi mwisho walikuwa wa mwisho. Mtu peke yake anajijua kidogo kuwa ni dhaifu, lakini hajibani vya kutosha.

Tarehe ndogondogo, basi, zinazopangwa na mtu mwingine au mbele ya mtu mwingine. Nilipofika hapo nikacheka, maana kitu hicho nilikuwa nimekiona kwa macho yangu katika vijiji vya Serengeti, tena kinaendeshwa na watu walewale wanaotuma maandiko usiku wa manane. Kinaitwa kikoba.

Mbegu yake ilipandwa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipowasaidia wanawake kuanzisha vikundi vya kuweka na kukopeshana bila benki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu huo ulikuwa umeshaota Tanzania, tukauita VICOBA, na leo sijui mtaa usio nacho. Kandokando ya hifadhi, vijiji vya Serengeti vina aina yake, COCOBA, benki za uhifadhi za jamii, zilizokuzwa kwa msaada wa Frankfurt Zoological Society, shirika ambalo Grzimek aliliongoza. Mnaona jinsi mambo yanavyozunguka.

Mmewahi kukaa kwenye kikao cha kikoba? Siku haibadiliki. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila mtu ananunua hisa mbele ya wenzake, kiasi kinatajwa kwa sauti, kinaandikwa. Ukichelewa, faini. Simu ikiita, faini. Ukikosa bila taarifa, faini, na juu yake utani utakaokufuata hadi sokoni. Hakuna anayesema "nitanunua hisa zote za mwaka mwezi wa kumi na mbili". Wangemshangaa. Mtu asiye na fedha nyingi ananunua hisa moja, lakini ananunua.

Kikundi hichohicho kikipata tangazo la mfadhili, sheria zote hizo zinaachwa mlangoni. Andiko anakabidhiwa mtu mmoja, kwa kawaida katibu au kijana aliyemaliza chuo, aende nalo nyumbani "akalifanyie kazi". Hakuna siku ya kulileta. Hakuna anayeuliza wiki inayofuata, kwa adabu tu, asije akaonekana anamsumbua. Hakuna faini. Kikundi kinachotoza shilingi 500 kwa mtu aliyechelewa dakika kumi hakitozi hata senti kwa mtu aliyechelewesha milioni 40.

Robert Boice, mwanasaikolojia Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuwachunguza maprofesa wasioweza kuandika, alifanya jaribio alilolichapisha mwaka 1983. Kundi moja aliliambia lisiandike ila la lazima. La pili liandike likijisikia. La tatu lilibanwa: siku ambayo hukuandika, fedha yako inakwenda kwa shirika unalolichukia. Wale waliobanwa waliandika kurasa nyingi zaidi, na cha ajabu, walipata mawazo mapya mengi zaidi kuliko waliongojea wajisikie. Hiyo si faini ya kikoba? Sema yeye aliongeza ukatili kidogo. Fikiria faini yako inakwenda kwenye pombe ya msimu wa wazee wa mila. Ungeandika!

Najua kuna msomaji wangu mmoja, simtaji, ataniuliza: kwani lazima tuombe? Azimio la Arusha la 1967 halikutuonya kuhusu kuitegemea fedha ya wengine, na mwandishi wake hakuwa mtu wa Butiama, mkoa huohuo wa Mara? Alituonya, na alikuwa sahihi kwa mengi. Lakini kikoba cha wanawake 30 hakiwezi kulisha wasichana 100 kwa wiki sita na kuwasomesha Januari. Nyumba salama ya Mugumu ilisaidiwa na watu wa mbali, wakiwemo waliochangishwa na Tanzania Development Trust ya Uingereza, na mchango huo nao uliombwa kwa maneno yaliyoandikwa na mtu. Isitoshe, fedha yenyewe imekuwa adimu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID, wale wazazi wa jedwali, wakafungwa rasmi. Mashirika makubwa yaliyokuwa yanakula huko yamehamia kwenye mifuko midogo ambayo zamani yaliidharau. Asasi ya Tarime sasa inashindana na watu wenye idara nzima ya kuandika maandiko. Wale hawaanzi siku tatu kabla.

Kuna jambo moja nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloua maandiko mengi kuliko Kiingereza, nalo ni viambatisho. Kila mtu anaogopa kurasa za maelezo, kumbe kinachomkwamisha ni karatasi ya mtu mwingine. Cheti cha usajili kimefungiwa kwa mwenyekiti aliyepita. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana hazijakaguliwa. Muhtasari wa kikao unahitaji saini ya mwenyekiti, naye yuko Nyamongo machimboni, simu haipatikani. Barua ya mtendaji inahitaji mtendaji. Maelezo unaweza kuyaandika usiku mmoja ukiwa na kahawa na hofu ya kutosha. Saini ya mtu aliyeko Nyamongo huwezi kuiandika (na wanaoiandika, tunawajua). Kwa hiyo kazi ya kwanza, siku tangazo linapotoka au hata kabla halijatoka, ni kutembea, wala si kuandika. Kusanya karatasi, zipige picha, ziweke mahali pamoja. Halafu bajeti. Wengi huiacha mwisho kwa sababu inatisha, lakini ukishajua magodoro mangapi, walinzi wangapi, siku ngapi, hadithi ya mradi inajiandika yenyewe. Ukianza na hadithi, utaahidi vitu ambavyo bajeti itavikana. Kiingereza kiwe cha mwisho kabisa: andika kwanza kwa Kiswahili cha kikao, kibaya, kifupi, kisha mtafute huyo kijana. Kijana akikuta mawazo yapo, kazi yake ni ya siku mbili. Akikuta karatasi nyeupe, naye ataenda kunywa chai.

Na andiko la mwaka jana lililokataliwa lisitupwe. Shida za kijiji hazibadiliki kila mwaka, ni fomu tu zinazobadilika. Nimeona ofisi zinaanza upya kila tangazo, kana kwamba ukeketaji ulianza wiki iliyopita. Kurasa mbili tatu zenye historia ya tatizo, takwimu zake, asasi ni nani na imefanya nini, zikikaa tayari kwenye flashi, mtu anaanza mbio akiwa katikati ya uwanja.

Mama wa Mugumu niliyemtaja mwanzo tuliongea haya yote, si kwamba nilimfundisha, alinisikiliza huku akihesabu hisa. Mara ya pili nilipopita alinionyesha daftari la kikundi. Chini ya ajenda za kawaida, baada ya marejesho na kabla ya mengineyo, walikuwa wameongeza mstari: "Andiko". Kila Jumanne watu watatu, mmoja mmoja kwa kila ufunguo, wanasoma kwa sauti kipande walichopewa. Mwenye ufunguo wa kwanza ana karatasi na saini, wa pili ana bajeti, wa tatu ana maelezo. Asiyeleta kipande analipa shilingi 1,000. Katibu alikuwa ameshalipa mara mbili, na kwa jinsi wenzake walivyokuwa wanalisimulia hilo, sidhani kama atalipa ya tatu.

Waliandika kurasa 11. Zilichapwa stesheneri iliyo karibu na stendi, zikatumwa siku nne kabla ya tarehe ya mwisho, mchana, umeme ukiwepo. Nilipomuuliza mama kama wamejibiwa, alisema bado. Jumanne iliyofuata walikuwa na kikao, na kwenye ajenda kulikuwa na andiko la mfadhili mwingine, ambaye tangazo lake lilikuwa halijatoka.